Jicho Lililofuata Mikono

Siku ya ishirini na tisa, Lwitiko Mwambene alifungua mfuniko wa kitalu cha kioo cha kuoteshea macho ili abadilishe maji ya lishe, na jicho likamtazama.

Hakulitilia maanani. Jicho lolote likielea ndani ya maji huonekana kama linakutazama, na yeye alikuwa ameotesha zaidi ya mia mbili. Alimimina maji ya zamani, akaingiza mapya yenye joto la mwili, akasogea kushoto kuchukua kitambaa. Alipogeuka, jicho lilikuwa limeelekea kushoto.

Akafikiri ni mkondo wa maji. Akazima pampu, akasubiri hadi maji yatulie, kisha akainua mkono wake wa kulia na kuupeleka polepole upande wa dirisha. Jicho likaenda nao. Akaurudisha. Likarudi. Akauficha mkono chini ya meza, nalo likabaki pale mkono ulipopotelea, mboni ikapanuka kidogo, kama ya mtu anayetafuta kitu gizani.

Lwitiko alivuta kiti akaketi. Nje, jua la asubuhi lilikuwa limeshaupanda mlima Loleza na mji wa Mbeya ulikuwa kazini. Alikaa pale kwa muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria, mikono imelala mapajani, hathubutu kuisogeza.

Alianza kazi hiyo enzi za macho ya plastiki. Wakati huo fundi alisugua plastiki mpaka ing'ae, akapaka rangi kwa brashi ya nywele tatu, akalaza nyuzi za hariri nyekundu ziwe mishipa. Mgonjwa alivaa na kushukuru, lakini jicho halikugeuka sawasawa, na jua likiwaka mboni haikusinyaa. Kisha yakaja macho ya kuotesha. Daktari alikwangua ngozi kidogo chini ya kwapa la mgonjwa, chembe zake zikarudishwa utotoni kwa dawa, zikaongozwa siku kwa siku ziwe jicho: weupe wake, machozi yake, misuli yake sita midogo ya kuligeuza. Fundi alibaki na kazi ya rangi tu. Alipanda mbegu za rangi moja moja katika duara linaloizunguka mboni, akilinganisha na jicho lililosalia, mpaka mama wa mgonjwa mwenyewe asiweze kutofautisha.

Macho hayo hayakuona. Sheria ilisema hivyo. Siku ya ishirini kila jicho lilitiwa tone moja la kizimio, dawa inayoua chembe za retina, utando wa ndani unaopokea mwanga, kabla hazijaamka. Lililobaki lilikuwa jicho hai lililolala.

Jicho hili halikuwa limetiwa tone. Siku tisa zilikuwa zimepita, na aliyechelewesha ni yeye Lwitiko, kwa kujua.

Lilikuwa la Tumpale Sanga, mwalimu wa shule ya watoto viziwi. Mashine ya kukatia majani ilirusha kokoto uwanjani pale shuleni, ikampiga jicho la kushoto akiwa amesimama mlangoni mwa darasa. Siku ya kwanza alipofika karakana alikuwa amevaa jicho la muda, la plastiki.

"Fundi," alimwambia, "wenzangu wanataka wapendeze. Mimi nataka nieleweke."

Akamweleza. Katika lugha ya alama, jicho ni neno. Akisimulia habari za mama na mtoto, anamweka mama kulia na mtoto kushoto, hapo hewani, na yule anayemtazama ndiye anayesemwa. "Sasa jicho moja linakwenda kwa mama, la pili linabaki ukutani. Watoto wananiuliza, mwalimu, huyo wa tatu ni nani?"

Lwitiko alicheka, lakini mwenzake hakucheka.

"Na mboni wanaisoma. Wanajua nikishangaa, wanajua nikiogopa. Huwezi kumdanganya mtoto aliyekulia kwenye nyuso za watu. Tangu nivae hili, wadogo hawanikaribii."

Ndiyo maana Lwitiko alichelewesha. Alijua kizimio hudhoofisha pia misuli inayofungua na kufunga mboni. Alitaka ikomae kwanza. Alijiambia siku mbili, kisha nne. Mboni ilizidi kuwa nzuri, na yeye akazidi kusubiri.

*

Daktari Nsajigwa, mpasuaji aliyefanya naye kazi miaka yote kumi na miwili ya macho ya kuotesha, alikuja kabla ya adhuhuri. Lwitiko alimwamkia, akamwonyesha kitalu bila maelezo. Mzee yule alipitisha kalamu mbele ya kioo, kushoto, kulia, juu. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena, akarudia.

"Subhana," alisema kwa sauti ndogo, ingawa alikuwa Mmoravian tangu kuzaliwa.

Jicho likahama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

"Linaona, Daktari?"

"Linafuata. Kufuata ni jambo moja, kuona ni jingine. Retina ina nyuzi zake za fahamu, na naona zimejiunga na misuli zenyewe, bila kupitia ubongo wowote. Mwanga ukisogea, zinavuta. Mdudu ana fahamu nyingi kuliko hizo."

"Mdudu anaona."

Nsajigwa alirudisha kalamu mfukoni. Alisema, "Lizime leo. Unajua kwa nini."

Lwitiko alijua. Mwili wa binadamu hauijui retina yake, kwa sababu jicho huificha tangu tumboni mwa mama. Ukiiingiza retina iliyo hai kutoka nje, hata kama imetokana na ngozi yake mwenyewe, damu inaweza kuiona kama mgeni na kuishambulia. Ikishajifunza kuishambulia, haitachagua. Italifuata na jicho zima lililosalia.

"Tone moja," alisema Nsajigwa. "Kisha uandike kwenye fomu kwamba lilitiwa siku ya ishirini. Nitatia sahihi. Sitaki uache kazi hii kwa ajili ya siku tisa."

"Na yeye nimwambie nini?"

"Kwani alikuuliza?"

Lwitiko alichukua chupa ya kizimio kwenye jokofu, akaiweka mezani. Ilikuwa chupa ndogo, isiyozidi kidole cha mwisho. Jicho liliitazama, kwa sababu ilisogea. Akashindwa kuifungua.

"Shikamoo yako niliipokea, Lwitiko," alisema mzee, akisimama. "Ila hili usiniite nikusaidie kulibeba."

*

Tumpale alifika kesho yake saa nne, na kitambaa cheupe juu ya jicho. Lwitiko alimwambia yote akiwa amesimama: siku tisa, retina, hatari ya jicho zima, fomu, hata sahihi aliyoahidiwa. Hakujitetea.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulichezea jicho langu bila kuniuliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ungeniuliza ningekwambia nini, unadhani?"

"Sijui."

"Ndiyo hivyo. Hujui." Alivuta pumzi. "Haya, nionyeshe."

Lwitiko aliondoa kitambaa kwenye kitalu. Lilikuwa jicho lake hasa: kahawia iliyoiva, lenye doa la njano upande wa chini karibu na pua, na mzunguko hafifu wa kijivu pembeni, ule unaowaanza watu wakishavuka miaka arobaini. Tumpale aliinamia kioo. Jicho likampata, likatulia kwake.

Kisha mwalimu akainua mikono yake na kuanza kuzungumza nalo kwa alama. Lwitiko hakuelewa maneno. Aliona tu vidole vikipanda na kushuka, kiganja kikifunguka kama kinaachia kitu, na jicho likifuata kila kilichosogea, haraka, bila kupoteza hata kidole kimoja, namna ambayo hata mgonjwa wake mwenye jicho la kuona hakuwahi kuweza. Tumpale alipotulia, nalo likatulia kwenye mikono yake, likingoja.

"Umeliambia nini?"

"Nimelisalimia. Nimelitajia jina langu." Alikuwa analia kwa jicho moja, na hakujifuta. "Kuna mtu humo?"

"Daktari anasema hakuna."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nimeshindwa kufungua chupa."

Tumpale aliketi. Akauliza maswali yake taratibu, kama mtu anayesahihisha madaftari. Hatari ni kiasi gani? Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyewahi kuvaa jicho kama hili. Ataona kwalo? Hapana, halikuwa na njia ya kufika kwenye ubongo. Likishawekwa, linaweza kuzimwa baadaye? Ndiyo, tone lingepenya hata likiwa usoni, wakati wowote, na kazi ingekwisha kwa takriban robo saa. Dalili ya hatari ni ipi? Wekundu na ukungu katika jicho zima, na hapo hakuna kusubiri.

"Nina watoto arobaini na watatu," alisema. "Wanasikika kwa jicho hili moja. Likienda, hawana wa kuongea naye darasani. Hilo nimelifikiria tangu ulipoanza kusema." Akakigeukia kitalu. "Lakini siwezi kulizima kwa sababu tu linaweza kuja kuniletea shida. Nilivae. Chupa nitakaa nayo mimi. Na wewe fomu uiandike kweli."

Lwitiko aliandika kweli. Baraza la usimamizi lilimwita, likamhoji siku mbili, likamfungia karakana mwaka mzima. Wajumbe watatu walikuja kulitazama jicho wakiwa na karatasi ya amri ya kulizima. Walikaa mbele ya kitalu muda mrefu kuliko walivyopanga. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliomba wenzake watoke, akabaki nalo peke yake. Waliporudi, walimruhusu Tumpale alivae kama jaribio, kwa ridhaa yake mwenyewe, achunguzwe kila wiki. Nsajigwa alilipachika yeye, kwa saa tano.

*

Wiki ya tatu tangu lipachikwe, Lwitiko alikwenda shuleni kumchunguza. Hakuwa na karakana tena, ila jicho hilo alikuwa ameruhusiwa kulifuatilia.

Alimkuta Tumpale akifundisha. Alisimulia habari za kima na mkulima, na macho yote mawili yalikwenda kwa kima, yote mawili yakarudi kwa mkulima, mboni zikafunguka pamoja pale kima alipokamatwa. Watoto walikuwa wamemzingira mpaka magotini. Hakuna aliyeuliza wa tatu ni nani.

Baadaye, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za jiko la shule, mwalimu alimwambia jambo ambalo halikuwamo kwenye kitabu chochote.

"Linanivuta."

"Linakuvuta vipi?"

"Sioni kitu kwalo. Upande huu ni giza kama zamani. Ila kitu kikisogea kushoto kwangu, linageuka kabla yangu, na misuli nasikia. Kama mtu anayekugusa bega. Mwanzoni nilipuuza." Akawatazama watoto uwanjani. "Jumatatu watoto walikuwa wanakula mahindi ya kuchemsha. Mimi naandika ubaoni. Likavuta kushoto, nikaendelea kuandika. Likavuta tena, kwa nguvu, mpaka nikasikia maumivu. Nikageuka. Anyisile alikuwa amekabwa na punje za mahindi. Ameshika shingo, anapigapiga miguu, na wenzake wote wametazama ubao. Mtoto kiziwi akikabwa, Fundi, hakuna anayesikia."

"Akapona?"

"Yule pale anacheza."

Lwitiko alimtazama msichana yule mrefu wa darasa la sita akiruka kamba. Halafu akamtazama mwalimu, na jicho la kushoto lilikuwa kwa msichana, la kulia lilikuwa kwake. Kwa nukta moja tu. Kisha yakakutana.

Alikuwa ametengeneza kitu ambacho hakikumwona mtoto yule kwa maana yoyote ambayo Daktari angeikubali, na bado mtoto alikuwa hai. Alimimina chai, akampa kikombe, wakanywa.

*

Siku ya arobaini na moja tangu alivae, Tumpale aliamka akiona ubao wa darasa kama uko nyuma ya mvuke wa sufuria. Jicho zima lilikuwa jekundu. Nsajigwa alimpa dawa za kutuliza kwa siku nne, kila saa mbili. Siku ya tano alimpima tena, akazima taa ya kifaa chake.

"Mwalimu, ni leo," alisema. "Kesho sitaweza kukuahidi kitu."

"Nipeleke shuleni kwanza."

"Tumpale."

"Tone nitalitia huko. Ni dakika ishirini kwa gari, Daktari. Hawa watoto wanalijua. Wamelipa jina la mkono. Siwezi kurudi nalo limezimwa kama taa ya ofisini, halafu niwaambie lilikufa nikiwa sipo."

Walimkuta kila mtoto darasani. Tumpale aliketi kwenye kiti chake mbele ya ubao, akawaeleza kwa mikono yake: jicho hili lina uhai mdogo ndani yake, uhai huo unaliumiza jicho la pili, lile ninalowasikilizia, leo nalizima. Halina kosa. Mimi pia sina. Lwitiko alikuwa ameshajifunza alama za kutosha kulielewa hilo.

Alidhani watalia. Walinyamaza, yaani mikono yao yote ililala. Kisha Anyisile akasimama akauliza kitu, na Tumpale akawatafsiria wanaume wawili waliosimama mlangoni.

"Wanaomba waliage. Kila mmoja alitajie jina lake."

Nsajigwa aliangalia saa. Akakubali kwa kichwa. "Tone kwanza. Halafu waanze mara moja. Litakuwa na robo saa."

Tumpale alifungua chupa mwenyewe. Aliinua uso, akatia tone moja kwenye jicho la kushoto, akapepesa. Watoto walikuwa wamekwishapanga mstari, wakubwa mbele kama kawaida yao.

Wa kwanza alisogea akataja jina lake la mkono, kidole kwenye kishimo cha shavu. Jicho likafuata kidole mpaka shavuni. Wa pili, kovu la nyusi. Wa tatu, kusuka nywele. Kila mtoto aliposogea jicho lilimpokea, na Tumpale alikaa wima, akisikia misuli ikivuta na kuachia, akiwatazama kwa jicho lake jekundu. Hapakuwa na sauti yoyote ila nyayo sakafuni.

Wa sita alipomaliza, mvulana wa saba aligeuka nyuma akatazama urefu wa mstari. Wote waliiona hesabu aliyoifanya. Akatoka nafasi yake, akaenda nyuma kabisa, akamsukuma mbele kwa upole mtoto wa chekechea. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo, na mwenzake, na mwenzake. Hakuna mwalimu aliyewaambia. Mstari uligeuka mbele ya macho ya Lwitiko, wadogo wakapita chini ya mikono ya wakubwa, na wakubwa wakasimama nyuma na majina yao, bila kujua kama yatafika.

Nsajigwa alikuwa ameacha kuangalia saa.

Wadogo walitaja haraka, vidole vikigongana. Jicho liliwafuata. Mtoto wa ishirini, wa ishirini na tano. Mtoto wa thelathini likachelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, kisha likamfikia. Wa thelathini na nne alilazimika kurudia. Wa thelathini na tisa alirudia mara tatu, polepole sana, na jicho likasogea nusu ya njia, likasimama.

Watatu waliofuata walitaja majina yao hata hivyo, bila haraka, wakitazama pale pale, kisha wakaenda kuketi.

Wa mwisho alikuwa Anyisile. Alisimama mbele ya mwalimu wake, akataja jina lake, viganja viwili vikifunguka kama jani la mgomba. Jicho la kushoto halikusogea. Lilikuwa zuri, lenye machozi, lenye doa lake la njano. Akataja tena. Akasubiri. Akauliza kwa alama chache ambazo hata Lwitiko alizielewa.

*Limeniona?*

Tumpale hakusikia tena kitu chochote kikivuta upande ule. Angeweza kusema ndiyo. Lakini mtoto huyu alikuwa anamsoma usoni, na mboni zote mbili zilikuwa wazi mbele yake.

*Sijui,* alijibu. Kisha akageuza kichwa chote, na macho yote mawili yakamwelekea msichana, akaunyoosha mkono akaugusa mkono wake. *Mimi nimekuona.*

Anyisile alifikiri, akakubali, akaenda mahali pake. Mwalimu akasimama, akashika chaki.